Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari za Mitumbwi, Mto Lukuledi na Ziwa Rutamba

Ndugu wanachama,

Assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulifyeka pale tunapoegesha mitumbwi, mitumbwi miwili ilizibwa nyufa, vijana 9 walijifunza kuogelea, na safari za Jumapili ziliendelea hadi mvua za Desemba.

Suala la safari kubwa nalisema kwa kirefu, maana maneno yamekuwa mengi. Ni kweli, mimi ndiye niliyeamua mwezi wa nne tusishuke Lukuledi kutoka Mingoyo hadi Kitunda kama tulivyozoea, twende Ziwa Rutamba. Kamati niliiarifu baadaye, na kwa hilo nalaumiwa. Lakini mto huu unakusanya maji tangu kule Masasi. Mvua ikinyesha huko, Mingoyo jua linawaka, na kesho yake maji yamepanda na magogo yanashuka nayo. Alfajiri ile nilikwenda mwenyewe, nikachomeka upondo pale tunapovukaga kwa miguu kiangazi, haukugusa chini. Maji mekundu kwa udongo, mamba utamwona saa ngapi? Na chini kwenye mikoko, bahari ikijaa inasukumana na mto, ikipwa mnakwama kwenye tope na watoto juu. Watu walikuwa 23, maboya ya kuvaa 6. Hesabu hiyo mimi sikuiweza.

Rutamba kila mtu alipanda. Wapo akina mama walioshika kafi kwa mara ya kwanza, na jioni walikataa kushuka. Tangu nishike uenyekiti, mwaka wa nne huu, hatujamzika mtu kwa ajili ya maji. Nalitaja kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaja.

Zile 780,000 za mtumbwi mpya ndizo zilizonunua maboya 12. Anayesema nimezila, stakabadhi iko kwa mtunza hazina, akaisome. Mtumbwi nautaka kuliko ninyi, ila mtumbwi mpya na maboya 6 ni kuongeza watu wa hatari.

Mkutano wa Julai uliitishwa kujadili jambo hilohilo. Tuko 41, walikuja 8. Wanaopiga kelele leo siku ile sikuwaona.

Ada ni 2,000 kwa mwezi. Waliomaliza mwaka ni 13, wengine 10 walilipa nusunusu, waliobaki hawajatoa hata senti. Tuliambiwa tusubiri korosho. Korosho zimeuzwa, malipo yameingia, mabati mapya tunayaona kwenye paa, ada hatuioni. Inaniuma, kwa kuwa mafuta ya gari la kwenda Rutamba yalitoka mfukoni mwangu na sijadai.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutatafuta mfadhili, tuongee na wenzetu wa Rutamba tupate banda la kuwekea vyombo, na mto tutaushuka kiangazi maji yakitulia. Mtumbwi nao tutauangalia ada zikiingia.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti