Shangazi, magoti yako nayo yanataka mazoezi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu Dar hii wapo kina shangazi wengi wenye magoti kama yako na jibu kama lako: "Kutwa nzima nazunguka humu ndani, mazoezi gani tena?"

Wewe na Mjomba mliambiwa jambo lile lile, kwamba magoti yamesagika. Mwenzio kila alfajiri huyoo, na wenzake, wanazunguka uwanja wa Mwembe Yanga, kisha wanakaa kwenye kahawa wanapiga soga. Kapata mazoezi, kapata na watu. Saa hiyo hiyo wewe umeinama uani na fagio la chelewa, halafu kwenye kigoda unaosha vyombo, magoti yako kifuani. Kuinuka mpaka ushike ukuta.

Hizo ni kazi, tena nzito, lakini si dawa ya goti. Msuli wa mbele ya paja ndio unaolishika goti. Ukilegea, gegedu, ule utando laini wa kwenye ncha za mifupa, lililokwisha kulika linaelemewa zaidi. Kukaa muda mrefu umejikunja kunalibana goti bila kuujenga msuli huo. Na ugonjwa huu wa viungo kusagika, iwe goti au kiungo kingine, unatuandama sisi wanawake: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nao, na takriban asilimia 60 ni wanawake. Hedhi ikishakoma, hatari inazidi. Sasa mbona Mjomba anaambiwa "kazana", wewe unaambiwa "pumzika, umri umeenda"? Linaniuma sana hili. Hata kikoba umeacha kwenda, na usingizi unalalamika huupati.

Chukua kiti cha plastiki kisichoyumba, kiegemeze ukutani. Kaa, nyoosha mguu mmoja mpaka goti linyooke, hesabu hadi tano, ushushe taratibu. Mara kumi, kisha wa pili. Ukizoea, jaribu kusimama na kukaa bila kushika kitu. Siku tatu kwa wiki. Maumivu kidogo yasikutishe. Ila goti likiamka limevimba, punguza. Likizidi, twende tukamwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Mjomba nimeshaongea naye. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi uani watafagia wajukuu, nawe utatembea na jirani zako wa kikoba, mwendo wenu wenyewe. Raba nakuletea Jumapili. Niambie unavaa namba ngapi.