Mama, nimekuwa deiwaka wa wodini

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, baridi tu ndiyo imeanza. Naomba salamu zimfikie Bibi wa Makorora na wote hapo Ngamiani.

Juzi niliposema nimeacha kazi ya kudumu ulinyamaza kwenye simu, nikajua umeumia. Ndiyo maana naandika. Kwa mdomo ningelia kabla sijamaliza.

Miaka yote ile kibali changu cha kukaa Uingereza kilifungwa kwa mwajiri mmoja. Nilipopata ukaazi wa kudumu ndipo nikajiandikisha kwa wakala: hospitali ikipungukiwa nesi, napigiwa simu, naenda. Walikagua kwanza usajili wangu wa NMC, lile baraza la manesi na wakunga la huku, rekodi ya polisi na chanjo, nikarudia na mafunzo ya kumfufua mgonjwa.

Unamkumbuka Mjomba alipokuwa deiwaka? Leo gari hili, kesho lile, na hakuna lililo lake. Alikuwa haondoi gari mpaka ajaribu breki. Nami nikiingia wodi ngeni, hata koti sijavua, nauliza kigari cha dharura kiko wapi, oksijeni iko wapi, kengele ya kuitia watu ni ipi.

Zamu yangu ya kwanza ilikuwa ya usiku, wodi ya wazee. Saa tisa mzee mmoja akaanza kuhema mbiombio. Daktari wa zamu simjui, namba ya kufungulia chumba cha dawa sina. Lakini karatasi ya vipimo ilikuwa ileile niliyoizoea, NEWS2: pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto, fahamu, kila kipimo na alama zake. Nikajumlisha, nikapata 7. Ikifika 7 hiyo ni dharura, hakuna kungoja. Nikamwita nesi kiongozi kwa sauti: sijui wa kumpigia, mpigie daktari wewe, mimi sibanduki hapa. Daktari akaja. Asubuhi mzee aliomba chai.

Nilifika kituo cha basi natetemeka, Mama, na si kwa baridi. Nilipokuwa mwanafunzi pale hospitali ya Bombo niliona haya kusema "sijui." Usiku ule nililisema mara kumi, na kila mara nilijibiwa vizuri.

Sasa hela. Nalipwa kwa saa, kila wiki, kiongozi wa zamu akishasaini karatasi yangu. Kwa saa napata zaidi kuliko zamani, ila zamu inaweza kufutwa siku hiyohiyo. Wiki iliyopita zilifutwa mbili. Kwa hiyo ada ya mdogo wangu nitaituma yote Desemba, kabla shule hazijafunguliwa. Ya matumizi usiihesabu tena kwa tarehe, itakuja nikipata. Bati la jikoni lisubiri kidogo, tafadhali.

Na umwulize Mjomba: siku alizokosa gari alikuwa anafanya nini? Hilo hakunifundisha, na siku kama hizo mimi nashinda nimeikodolea macho simu.

Mwanao