Jumamosi: mabadiliko ya kanzidata ndani ya Git (mfumo wa kutunza historia ya faili)

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 3 asubuhi, Area C, pale pale. Njooni na kompyuta zenye PostgreSQL (mfumo wa kanzidata) na Flyway (zana ya kutekeleza mabadiliko ya kanzidata kwa mpangilio wa matoleo). Bando kila mtu lake, jamani.

Kila badiliko la jedwali ni faili lake: V12__ongeza_namba_ya_nida.sql. Vistari vya chini ni viwili. Ukiweka kimoja, Flyway kwa kawaida hulipita faili kimya kimya. Likishatekelezwa kwenye seva haliguswi tena, maana Flyway hulinganisha alama ya uhakiki ya faili (checksum) na ile iliyohifadhi, na kugoma zikitofautiana. Umekosea? Andika faili jipya, V13.

Faharisi (index, ya kuharakisha utafutaji) ya jedwali kubwa iundwe kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY, nje ya muamala (transaction), la sivyo uandishi wote kwenye jedwali hilo unasubiri hadi iishe. Ikikatika njiani hubaki faharisi batili: ifute, ndipo urudie.

Kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: kila safu wima (column) yenye taarifa za mtu iwe na maelezo kwenye faili la YAML (maandishi ya kupanga taarifa), yaani mwenye dhamana, daraja la usiri na muda wa kutunza. Yakikosekana, ombi la kuunganisha badiliko hilo (merge request) tunalikataa. Data halisi za wateja zisiingie Git kabisa. Hata ukifuta faili, historia bado inazo.