Wazee wa Kanda ya Ziwa nao waingizwe kwenye utafiti wa Alzheimer

Ndugu Mhariri,

Mama yangu ameuza dagaa Mwaloni Kirumba kwa zaidi ya miaka thelathini. Madeni ya wateja wake yote aliyaweka kichwani. Siku moja alimpimia mteja sado tatu, akapokea hela ya sado moja, kisha akanigeukia na kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Siku hizi huamka saa nane usiku, hujifunga kanga, hubeba ndoo tupu na kutoka. Anasema mitumbwi imeshafika.

Zahanati walituambia ni uzee tu. Majirani walisema anawanga. Katika kanda hii ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi, neno hilo si la kuachwa lipite. Mdogo wangu sasa analala mlangoni.

Ugonjwa wa Alzheimer, unaomaliza kumbukumbu, ulielezwa na daktari Alois Alzheimer huko Ujerumani mwaka 1906. Protini za amiloidi na tau hujikusanya kwenye ubongo, chembe za ubongo zikafa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha lecanemab, dawa inayoondoa amiloidi. Katika jaribio la watu 1,795 lililochukua miezi 18, waliopewa dawa walidhoofika polepole kwa asilimia 27 kuliko waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na tiba ndani yake, ya kulinganishia tu. Haiponyi wala hairudishi kilichokwisha kupotea. Mwanzoni huingizwa kwa dripu kila wiki mbili, na lazima mgonjwa apigwe picha za ubongo kwa mashine ya MRI, maana ubongo waweza kuvimba au kuvuja damu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba weusi katika jaribio hilo walikuwa wachache mno. Dawa ikitufikia, tutakuwa tunameza matokeo ya miili ya wengine.

Lakini mlango umeanza kufunguka. Mei 2025 Marekani ilikubali kipimo cha damu kinachosaidia kuonyesha kama mgonjwa ana amiloidi. Damu mtu huitoa hata akiwa kisiwani Ukerewe; mashine kubwa za kupiga picha za ubongo hazivushwi kwa kivuko.

Na Mwanza si wageni wa utafiti. Miaka ya 1990 ilionekana hapa hapa kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Juzi tu wasichana 930 wa mkoa huu walishiriki jaribio lililosaidia kuonyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inatosha. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee wa miaka 70 na zaidi walipimwa, ikakadiriwa kuwa asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kusahau.

Naomba NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na hospitali ya Bugando wawapime na kuwahesabu wazee hivyo hivyo Magu, Misungwi na Ukerewe, kisha watutafutie nafasi katika majaribio ya dawa. Na maswali wayatoe kwa Kisukuma. Mama hajawahi kushika kalamu. Akiambiwa achore saa, kama wanavyopimwa kumbukumbu, atashindwa, hata angekuwa mzima. Muulizeni gunia la dagaa linaingia sado ngapi. Mwaka juzi alikuwa analijibu hilo kabla hujamaliza kuuliza.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza