Kukosa msisimko si ukaidi wa mke

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo wanawake wengi wa Dar es Salaam hulinong'ona tu. Mwanamke akikosa ashki, au mwili wake usipoitikia ingawa anampenda mumewe, huambiwa ana mtu wa nje, amerogwa, au hakufundwa unyagoni. Ni nadra mtu kumuuliza anaumwa nini au anatumia dawa gani.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kisukari huweza kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu hadi sehemu za siri. Baadhi ya dawa za sonona na za presha hupunguza msisimko. Kunyonyesha na kukoma hedhi hushusha homoni ya estrojeni, uke ukawa mkavu, tendo likauma. Nani atatamani kinachomuumiza? Uchovu na ugomvi wa ndani navyo vimo.

Kinachonitia uchungu ni shabu (lile jiwe la kusafishia maji) na unga wa mitishamba unaouzwa mitaani na mitandaoni, eti kurudisha usichana. Shabu hukausha na kuchubua. Dada zangu, msiweke ukeni.

Tiba zipo: vilainishi vya maji, krimu ya estrojeni ya ukeni kwa ushauri wa daktari (aliyewahi kuugua saratani ya matiti aseme mapema), kubadilishiwa dawa bila kujiachisha mwenyewe, na ushauri nasaha kwa wote wawili. Nawaomba wahudumu wa kliniki za kisukari na za mama na mtoto waulize wao kwanza, maana mgonjwa huona haya.

Mkunga mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam