Picha ya dirishani

Lushoto, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanahamisi,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, ila vuli imetukalia, nguo siku ya tatu kambani hazijakauka. Najua nimekunyamazia tangu Idi, na simu zako mbili sikupokea. Ya kwanza ilinikuta mstarini, nilikuwa mwalimu wa zamu. Ya pili niliitazama ikilia mpaka ikakatika, maana nilijua utaniuliza habari za picha na sikuwa na la kukujibu. Sasa ninalo, ila ni refu.

Mwalimu Kiondo kahamishiwa Handeni, umesikia? Vipindi vyake vya Uraia nimerithi mimi, juu ya Kiswahili changu. Kidato cha pili wako 68 chumba kimoja, madaftari nayabeba nyumbani kwa kiroba nasahihisha mpaka saa sita usiku. Tuyaache hayo.

Unaikumbuka ile picha niliyokutumia mwezi wa nane, ya binti aliyekaa dirishani na mtoto mapajani? Jina lake sikuandikii, hata wewe. Alirudi shule Januari, sasa yuko kidato cha tatu, mtoto anabaki na bibi. Picha aliiomba mwenyewe. Alinifuata ofisini wakati wa mapumziko, akasema hana hata picha moja akiwa na mwanawe. Nikaenda kwao Jumamosi. Ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote, na unajua ukungu wa huku unavyoidanganya kamera: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, nyuso zetu zinatoka giza tupu. Nikaongeza mwanga kwa mkono, nikamkalisha ubavuni mwa dirisha. Alikuwa amevaa sare ya shule. Mimi sikumwambia avae. Alisema anataka mtoto akikua aone kwamba mama yake alikuwa mwanafunzi. Mwanahamisi, miaka yote niliyoshika kamera sijapiga picha kama ile.

Kosa langu lilianzia hapo, kwa kuipenda mno. Siku ya mahafali ya kidato cha nne, klabu yetu ya picha ilitundika kazi zake kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na mimi nikaitundika ile katikati. Sikumuuliza. Nilijisemea atafurahi. Alipoingia ukumbini aliitazama, akasimama kidogo, kisha akaenda kusaidia kubeba sahani. Niliona, na sikumfuata.

Kati ya wageni walikuwepo watu wa shirika moja la kutetea elimu ya wasichana. Wakaipiga picha ile picha kwa simu zao. Wiki mbili baadaye ikaja barua kwa mkuu: wanaiomba kwa mabango na kalenda, Dar es Salaam na kwa wafadhili wao wa nje, na shule itapewa madawati 30. Wameambatanisha fomu ya kibali. Bibi ameshaweka dole gumba. Amesomewa na nani, sijui. Mkuu hana ubaya, ana watoto wanaokaa watatu watatu kwenye dawati la wawili, na mimi ndiye ninayewafundisha wakiwa wamebanana vile. Akaniambia nimwite binti nimweleze.

Nikamwita. Nikaeleza vizuri, nadhani. Akajibu, "Sawa, mwalimu."

Hapo ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu ya barua hii. Kwa sababu "sawa, mwalimu" naijua. Ndiyo anayonijibu nikimwambia afute ubao, akachote maji, arudie insha. Mwanafunzi wangu hajawahi kunijibu neno lingine. Nitaipokeaje leo niite kibali?

Usidhani siijui faida ya picha. Nilipoanza kazi, 2014, binti akibainika ana mimba alifukuzwa, na mimi nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo nikiwa kimya. Mpaka Novemba 2021 waziri alipotangaza kwamba waliojifungua wanaruhusiwa kurudi. Mwezi huu nimefundisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Mtoto wa 1990, ibara ya 11, ile inayotaka binti aliyepata mimba kabla ya kumaliza masomo apewe nafasi ya kuendelea. Niliandika ubaoni nikijizuia nisigeuke, maana nikigeuka macho yangu yangemwangukia yeye na wenzake 50 wangeyafuata. Katika vijiji vyetu bado wapo wazazi wasiojua kwamba mlango umefunguliwa. Bango moja pale stendi lingewafikia kuliko mimi na chaki yangu. Hilo nalikubali kabisa.

Na yule Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyeanzia kazi Dar es Salaam, nilikuwa nakusimulia habari zake mpaka ukachoka. Picha za njaa alizochukua Ethiopia mwaka 1984 ziliifanya dunia itie mkono mfukoni. Namheshimu mpaka leo. Lakini siku hizi nikiwafikiria wale watoto wa kambi ya Korem kule Ethiopia najiuliza ni wangapi walioulizwa, na ni nani angeulizwa, wakati watu wanakufa. Kwetu huku hakuna anayekufa. Muda wa kuuliza tunao.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Binti huyu ana 17. Kwa hiyo kwenye ile picha wamo watoto wawili, na wa pili hawezi hata kusema "sawa".

Sasa sikiliza. Alhamisi nikiwa nafunga ofisi alirudi. Akasimama mlangoni, mkoba kifuani. Akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu akianza darasa la kwanza, hiyo picha itakuwa bado ipo?" Nikamwambia ingia ukae, akasema bibi anamsubiri, akaenda. Mwanahamisi, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Yeye aliomba picha ya kumwonyesha mwanawe. Sisi tunataka kuwaonyesha watu wengine wote kwanza, mtoto aje aikute.

Mimi moyoni nimeshaamua, haitoki. Lakini nikisema hapana kwa niaba yake nitakuwa nimefanya lilelile, nimemwamulia tena. Labda anataka. Labda anaona fahari na mimi ndiye mwoga. Lazima aulizwe na mtu asiyemsahihishia daftari. Wewe ni msaidizi wa kisheria, si mwalimu wake wala si jamaa wa bibi. Njoo umuulize mimi nisiwepo. Kaa naye hata nje, chini ya mipea ya Mama Shekifu. Ongeeni na bibi pia. Atakalosema nitalibeba kwa mkuu, liwe lolote.

Watu wa shirika wanarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Unaweza kupanda Jumamosi hii? Nauli ya kutoka Tanga nitakurudishia. Fomu nimeinakili, imo humu, isome njiani. Hakuna mahali panaposema picha itatumika kwa miaka mingapi, au nimepitiwa? Akikubali leo akaghairi mwakani, ana pa kushika? Ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, inaigusa picha ya mtu? Dole gumba la bibi linatosha kwa wote wawili? Na kama akikataa, kuna njia ya kuwaomba yale madawati hata hivyo, au ni kujidanganya?

Kingine, pita kwa yule fundi wako wa kamera barabara ya kumi na mbili. Lenzi yangu imeota kuvu kwa ndani kwa unyevu huu, kama nyuzi za buibui. Muulize anasafisha kwa bei gani. Na kwenye bahasha nimetia kadi ya kumbukumbu: nisafishie ile picha nakala mbili, kubwa, karatasi nzuri isiyong'aa. Moja ya binti, moja ya mtoto. Ya kwangu usitoe.

Shufaa amepona kikohozi? Mama bado anauza vitumbua? Barua nampa kondakta wa basi la alfajiri, ukiipata nibipu. Safari hii nitapokea.

Wako,
Rehema