Barua kwa mwanangu aliyeko Mtumba

Mwanangu,

Sisi huku Mvumi hatujambo. Uwele umeshika vizuri, karanga ndizo zinazosuasua kwa jua hili. Fedha uliyotuma imefika, michango ya shule ya mdogo wako imelipwa. Mungu akuzidishie.

Uliniambia kwenye simu kwamba siku hizi fundi mkuu anakuachia ukuta mzima, unapiga plasta mpaka unamaliza, halafu Jumamosi unalipwa kama saidia fundi. Jambo hilo limenikaa rohoni. Baba, wewe si saidia fundi tena. Mwiko unaujua, timazi unaijua, pima maji unaijua. Kinachokosekana ni karatasi ya kusema hivyo, na karatasi hiyo inapatikana hapo hapo Dodoma, kwenye chuo cha ufundi stadi cha VETA.

Najua hutaki kusikia habari za chuo tangu matokeo ya kidato cha nne. Ulipopata daraja la nne, watu hapa kijijini walikuhesabu umeshindwa, nawe ukawaamini. Sasa nisikilize mimi. VETA wana utaratibu wanaouita urasimishaji ujuzi, uliowekwa kwa ajili ya watu waliojifunzia kazi kazini: waashi, maseremala, makenika, wapishi. Hukalishwi darasani miaka miwili. Unapimwa kwa kazi yenyewe: unajenga wanatazama, unaulizwa kwa nini umechanganya saruji na mchanga kwa kipimo hicho, kwa nini ukuta unamwagiwa maji baada ya plasta. Penye upungufu unafundishwa kwa muda mfupi, kisha unapewa cheti. Na mlango haufungwi hapo. Ufundi stadi una ngazi tatu, na aliyefika ya tatu anaweza kuomba kuendelea na vyuo vya kati.

Nakusukuma kwa sababu ya ninayoyaona kila nikija mjini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973, wazee wetu wakaungoja mji huo mpaka wengi wakazikwa. Tangu 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati, tumeona wizara zikisimama Mtumba, uwanja wa ndege Msalato, stesheni ya treni ya umeme. Mji umekuja mpaka mlangoni kwetu. Lakini nikipita kwenye majengo, vijana wetu wa Kigogo nawakuta kwenye zege na kubeba tofali, na anayeshika ramani ametoka mkoa mwingine. Simlaumu, yeye alisoma na cheti anacho. Inaniuma tu kwamba ninyi mnaoijua kazi mnahesabiwa vibarua, kwa kuwa kampuni kubwa zinaajiri kwa makaratasi na ninyi hamna cha kuonyesha.

Ule mkopo wa halmashauri mnaouzungumza na wenzako, ni kweli upo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo hiyo, nne kati ya hizo ni za vijana, wala hauna riba. Ila ni wa kikundi, na lazima urejeshwe. Tangulizeni vyeti kwanza. Mafundi watano wenye vyeti wakiomba fedha ya kununua mashine ya kufyatulia tofali, wataeleweka. Watu waliokutana kwa ajili ya mkopo tu huishia kugombana, na hapa kijijini tumeyaona.

Nenda wiki hii ukaulize dirisha la maombi linafunguliwa lini na gharama ni kiasi gani. Beba kitambulisho cha NIDA na picha za kazi ulizofanya, zile ulizonitumia za nyumba ya Ihumwa zinafaa sana. Mwombe fundi mkuu akuandikie barua kwamba umefanya naye kazi. Akisitasita, mwendee yule mzee aliyekufundisha kupanga tofali, yeye hawezi kukunyima.

Usiogope kupoteza kibarua siku za kupimwa. Yule beberu mweusi nimeshamtenga, mnadani wa Alhamisi namuuza, nauli na ada ya kuanzia nitakutumia.

Mama yako